Msiba wa Pili wa Msimbu

"Msiba umeondoka."

Sauti ya Wema ilitoka kavu kwenye simu ya satelaiti, kisha ikakatika.

Bernard Mihayo alikuwa ameshawasha pikipiki. Boxer ya bluu, kioo kimoja kimepasuka, koti la kung'aa kama la bodaboda wote wa Picha ya Ndege, pale Kibaha. Chini ya koti, kwapani kushoto, ililala Glock 19.

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa alimpungia mkono.

"Kaka, Maili Moja?"

"Nina abiria, mama."

"Mbona simwoni?"

"Yuko mbele. Amekufa."

Akaondoka.

Barabara ya Morogoro asubuhi ile ilijaa watu wanaokimbilia kazini Dar. Bernard alipita katikati ya malori kama uzi katikati ya tundu la sindano. Mbele yake, taa za hatari zikiwakawaka, zilikwenda pikapu nyeupe na Coaster nyeupe. Ndani ya pikapu, jeneza. Juu ya jeneza, kitambaa cha kijani chenye maandishi ya dhahabu.

Kila dereva aliwapisha. Trafiki aliwapisha. Hata lori la saruji liliwapisha.

Kessel alijua kuchagua gari.

Mtu huyo alikuwa na pasipoti tatu, na katika zote tatu alikuwa mshauri wa viwanja vya ndege. Kampuni yake ilikuwa imekosa kazi ya kuandaa mpango wa miaka thelathini: uwanja wa jiji umejaa, ndege zitaongezeka, barabara mpya ya kurukia itafutiwe nafasi upande wa Kisarawe. Waliopewa kazi hiyo waliamua kwanza wakae na wananchi, kijiji kwa kijiji, wasikilize. Kessel hakupenda kusikiliza. Mpango wake ulikuwa mfupi. Ndege ya upimaji idunguliwe juu ya Msimbu, lawama iwaangukie wanakijiji, kata itangazwe eneo la hatari, watu waondolewe kwa nguvu. Baada ya hapo yeye arudi na ramani zake, aikute ardhi tupu.

Chombo cha kudungulia, kombora la begani aina ya Igla, kilikuwa kimeingizwa nchini kwa vipande. Watu wa Wema, mkuu wake katika idara ya usalama, walinasa maneno machache tu kwenye simu: mzigo utasafiri leo asubuhi, utasafiri kama maiti.

Kule Kiluvya msafara ulikata kulia, ukaiacha lami kubwa na kushika njia ya Mpuyani. Bernard akaufuata.

Lori la mchanga lilitoka kichakani.

Fuso. Lilikaa katikati ya barabara, likazima. Dereva akashuka upande wa pili, akaingia porini bila kugeuka nyuma.

Bernard hakufunga breki. Aliiteremsha Boxer mtaroni, ikaruka, ikaangukia shamba la mihogo. Miti ya mihogo ikamchapa usoni kama fimbo za mwalimu. Alipopanda tena barabarani alikuwa anatokwa damu shavuni, na mbele yake hakukuwa na kitu ila vumbi.

Aliwakuta Mpuyani.

Akatukana kwa Kinyamwezi, lugha anayoitumia mambo yanapokuwa mabaya kweli.

"Kipanga, uko wapi?" Wema aliuliza simuni, akimwita kwa jina la kazi.

"Mpuyani. Nina misiba miwili."

"Rudia."

"Coaster mbili nyeupe. Pikapu mbili. Majeneza mawili, vitambaa vya kijani. Yote yanakwenda Msimbu, na vumbi limefunika namba."

"Chagua mmoja."

"Nikikosea, afande?"

"Usikosee. Na sikiliza. Ndege imeruka. Tunamwita rubani arudi, hajibu. Kuna mtu amekaa juu ya masafa ya redio yao, anayaziba."

"Nani wako ndani?"

"Rubani. Firdausi, yule mhandisi wa mipango. Na bibi yako wa Msimbu."

Bibi yake wa Msimbu alikuwa Bi Sikudhani. Katika mkutano wa kwanza wa hadhara, Bernard akiwa pale kwa kisingizio cha udereva wa wapimaji, bibi huyo alisimama mbele ya ramani kubwa iliyobandikwa ubaoni, akaitazama, akatema mate pembeni.

"Mnanionyesha ardhi yangu ukutani," alisema. "Mimi nataka kuiona yenyewe, yote, kwa mara moja. Nikiiona ndipo nitajua mnachotaka kunichukulia."

Firdausi alikuwa mtu muungwana. Akasema, basi bibi, siku ya kupima kwa ndege utapanda na sisi.

Watu walicheka. Bi Sikudhani hakucheka. Alimwendea Bernard, kwa sababu alishamsikia lafudhi, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani.

"Wewe Mnyamwezi. Kile kidude hakianguki?"

"Hakianguki, bibi."

"Kikianguka?"

"Nitakuja matangani kwako nimalize wali wote."

"Ndiyo tabia yenu. Tangu mlipoteremka pwani mmejitwika mizigo ya watu hamjashiba." Kisha akamkazia macho. "Nijibu kama mtu, siyo kama mtani. Nitarudi?"

"Utarudi, bibi. Nakuahidi mimi."

Neno la mtani hupeperushwa na upepo. Hili halikuwa la utani.

Alikaza mkono. Boxer ikalia.

Kabla ya kuingia Msimbu, njia ilikuwa imefungwa kwa magogo na matairi. Vijana kumi hivi walisimama juu yake na mapanga. Wapimaji walikuwa hawapiti hapa tangu wiki iliyopita. Kiongozi wao alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, kifua wazi, macho mekundu ya kukesha. Kondo, mtoto wa Bi Sikudhani.

"Shuka."

Bernard akashuka.

"Huyu si ndiye dereva wa wale wezi wa ardhi?" Kondo aliwauliza wenzake. "Leo umekuja na bodaboda. Gari mmeshaliuza?"

"Kondo, sina muda."

"Hata sisi tulikuwa hatuna. Mkatukalisha juani siku nzima mkituchorea mistari. Mama yangu mmempandisha huko juu mkamlainishe. Akishuka amelainika, nitajua pa kukutafuta."

"Kuna mtu anataka kuiangusha hiyo ndege."

Mapanga yakatulia.

"Nani?"

"Yuko kwenye mmoja wa misiba iliyopita hapa sasa hivi. Mmeipitisha."

"Msiba hauzuiwi."

"Anajua hauzuiwi. Ndiyo maana amekuja na msiba."

Kondo alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana. Alikuwa anatafuta uongo. Bernard aliacha macho yake wazi, asome anachotaka.

"Upi?" Kondo akauliza, sauti imeshuka.

"Sijui. Niambie wewe."

"Wa kwanza wamesema wa Mzee Pazi. Wa pili, baba yake mtu anaitwa Hussen. Wote eti wenyeji wa hapa waliohamia Kibaha zamani, wameacha wosia wazikwe kwao. Watoto wao hatuwajui." Akageukia vijana. "Twendeni tukayafungue yote mawili."

"Ukimfunua sanda mzee wa watu mbele ya wajukuu wake?"

Kondo alirudi nyuma hatua moja.

"Damu itamwagika hapa kabla ya adhuhuri," Bernard alisema. "Huyo ninayemtafuta atakaa pembeni ashangilie. Hicho ndicho anachokitaka."

Kwa mbali, upande wa Pugu, ndege ya abiria ilikuwa inashuka. Wote waliinua macho, wakaishusha kwa macho mpaka ikapotea.

"Kwetu hapa," Kondo alisema polepole, "mtu anayezuia jeneza tunamkata. Isipokuwa mmoja."

"Mtani."

"Mtani." Kondo alimpima kutoka kichwani hadi viatuni. "Unajua kutania, au umejifunza kuendesha tu?"

Nyumba ya ukoo wa Pazi ilikuwa jirani. Jeneza lilikuwa linatoka uani, wanaume wamelibeba mabegani, wanawake wakilia nyuma yake, pale Bernard alipotokea mbio, kanga kuukuu imefungwa kiunoni juu ya suruali, kofia imegeuzwa nyuma. Akajitupa chini katikati ya njia, akajinyoosha chali.

"Hazikwi mtu hapa leo."

Wabebaji walisimama. Kilio kikakatika.

Bernard alitazama mbingu akasubiri. Mkono wake ulikuwa chini ya kanga, kidole kando ya kifyatulio. Kama jeneza hili ndilo, risasi ya kwanza itatoka sasa.

"Nani huyu?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Mwenye maiti. Mzee Pazi alinikimbia. Aliniahidi akija kufa ataniachia nyumba. Sasa naona mnamficha mchangani. Wazaramo, hata kwa kufa mnadhulumu?"

Mwanamke alijitokeza mbele. Mtu mzima, kanga ya msiba, macho yamevimba. Dada wa marehemu, Bi Kudra, aliyekuja na maiti toka Kibaha. Aliinama akamtazama Bernard usoni kama anayetazama nazi mbovu.

"Mnyamwezi," alisema.

"Ndiye."

"Nilishangaa. Nikasema msiba huu umekaaje, hauna inzi." Akachukua kata ya maji mtungini, akammwagia kichwani. "Oga kwanza. Kaka yangu hakupenda watu wanaonuka mizigo."

Kicheko kilipasuka uani pote, kicheko cha watu waliolia usiku kucha. Wabebaji walitikisika mpaka jeneza likatikisika. Kijana mmoja alijifuta machozi, hakujulikana ni ya lipi.

"Sitoki bila changu," Bernard alisema.

"Mpe bakora ya marehemu," Bi Kudra aliamuru. "Nyumba hapati. Aifanyie mazoezi ya uzee, maana kwa tabia hizi hatafika."

Bakora ya mpingo ikaletwa, nzito, kichwa chake kimepinda kama ndoano. Bernard aliipokea kwa mikono miwili, akainuka, akasogea pembeni na kuinamisha kichwa. Jeneza likapita.

Haya hayafundishwi katika chuo chochote cha kijasusi. Mtu huzaliwa nayo.

"Si hawa," alimwambia Kondo.

"Basi ni wale. Twende tuwavamie."

"Wewe unajua, mimi najua. Kijiji hakijui. Nikimpiga risasi mfiwa mbele ya watu nitazikwa mimi. Ita watu waende na majembe kusaidia kuzika, kama kawaida. Wao wenyewe waone."

Msiba wa pili haukupita nyumbani kwa mtu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye mwinuko ulio wazi, kando ya makaburi ya kijiji, palipofyekwa vichaka, mbingu yote mbele. Wanaume wanane wa kanzu mpya. Mikunjo ya dukani bado ilionekana. Hakuna mwanamke hata mmoja. Shimo limeshachimbwa. Pembeni, Nissan Patrol nyeusi, vioo vya giza, antena ndefu juu ya paa.

Antena ile ndiyo iliyokuwa imekaa juu ya masafa ya rubani.

Jeneza lilikuwa limewekwa chini kando ya shimo. Hakuna aliyekuwa anaomba dua. Mmoja alikuwa anatazama saa.

Wanakijiji walifika nyuma, majembe mabegani, wakitoa pole kwa sauti za chini. Wale wa kanzu walitazamana. Wageni hawa hawakuwa kwenye hesabu yao.

"Ahsanteni, ndugu zetu," alisema mnene mmoja mwenye ndevu zilizochongwa. Huyo alikuwa Hussen. "Tunatosha wenyewe. Nendeni mkapumzike."

Wazee wakashangaa. Mtu wa Msimbu hajapata kuambiwa akapumzike na maiti iko juu ya ardhi.

Bernard akapita katikati yao, akichechemea kwa bakora ya Mzee Pazi, kanga inapepea. Akaketi juu ya jeneza.

Watu wakavuta pumzi.

"Hazikwi mtu hapa," alisema. "Baba yenu alinichukulia mke wangu. Mkononi alikuwa na wa kwake, akachukua na wangu. Nataka nimuulize, huko aendako atamweka wapi?"

Vicheko vilianza kwa wanakijiji. Vikatazama upande wa wafiwa, vikingoja kuitikiwa.

Havikuitikiwa.

"Toka hapo," Hussen alisema.

"Nitoke? Mtani hatoki mpaka apewe chake. Nipe hata kofia yako."

"Nimesema toka, mwendawazimu wewe."

"Mzaramo wa wapi wewe, unamkasirikia Mnyamwezi? Mama yako hakukwambia sisi ni nani?"

Hussen alimpiga teke la mbavu.

Bernard akaanguka mchangani. Teke la pili likamfuata. Halafu mkono wa Hussen ukaingia ndani ya kanzu, ukatoka na bastola.

Kondo ndiye aliyesema. Alisema polepole, kila mtu akasikia.

"Wazee wangu. Mzaramo gani anampiga mtani msibani?"

Mzee mmoja akashusha jembe begani. Wa pili akashusha. Hawakuwa wameambiwa habari za kombora wala za Kessel. Walichokiona kiliwatosha.

Ndipo mngurumo ukaja. Cessna Caravan, nyeupe, inatoka upande wa Kisarawe mjini, chini chini, inapita juu ya mashamba polepole kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

"Fungua," Hussen alifoka.

Kitambaa cha kijani kikarushwa. Mtu mrefu akatoa bomba la rangi ya majani makavu, akaliweka begani, akawasha betri. Chombo kikaanza kulia, mlio mwembamba, unaopanda. Kilikuwa kinatafuta joto la injini.

Hussen alimgeuzia Bernard bastola.

Bernard alipiga kupitia kwenye kanga. Risasi moja. Bega la Hussen likarudi nyuma, bastola ikaruka shimoni.

Mlio ukabadilika. Ukanyooka.

Kombora limeshika shabaha.

Hakuna nafasi ya risasi ya pili. Mrefu alikuwa amesimama mbele ya wazee. Bernard alijirusha magoti mchangani, akaizungusha bakora, kichwa chake kilichopinda kikanasa mdomo wa bomba. Akavuta kwa uzito wake wote.

Bomba likainama. Mrefu akainama nalo. Ukingo wa shimo ukamegeka chini ya miguu yake, wakaenda chini, yeye na Igla yake, na kidole chake kikapoteza kifyatulio.

"Fukieni," Kondo alisema.

Majembe yalikuwa tayari. Mchanga ukashuka kama mvua ya masika, juu ya bomba, juu ya miguu, juu ya kiuno. Mrefu akabaki kichwa na mikono, akiomba kwa sauti ambayo haikuwa na ujeuri tena. Wenzake waliona mapanga yakiwazunguka, wakaketi chini wenyewe na kanzu zao mpya.

Juu, Caravan ilipita. Kivuli chake kikawapitia wote, waliosimama na waliofukiwa.

Patrol ikaunguruma.

Kessel hakuwa amefungua hata kioo. Aligeuza gari na kushika njia ya kurudi Kisarawe, vumbi likisimama nyuma yake kama ukuta. Bernard alichukua Boxer. Hakukimbiza sana.

Alimkuta kwenye magogo.

Vijana wawili waliobaki kulinda kizuizi walikuwa wameegemea boneti ya Patrol. Mmoja alikuwa anakula muwa.

"Mnaona gari gani hii?" Bernard akauliza.

"Anasema ni wa msibani," alijibu mwenye muwa. "Tumemwambia msiba ukienda hupita. Ukirudi, tunauliza wamezika nani. Hajui."

Kessel aliteremsha kioo. Uso mwembamba, miwani ya bei, Kiswahili kizuri cha kitabuni.

"Wewe ni mtu mwenye akili," alimwambia Bernard. "Watu hawa wataukataa uwanja kwa miaka mingine thelathini. Jiji lenu litakwama. Mimi ningewamalizia kazi kwa asubuhi moja."

"Wacha wakatae."

"Unawapigania watu wanaokuchukia?"

"Toa mikono nje."

Pingu zikalia. Bernard akaingiza mkono, akang'oa waya wa kisanduku kilichokuwa kwenye kiti cha mbele. Taa yake nyekundu ikazima.

Simu ikaita.

"Kipanga, rubani amejibu," Wema alisema. "Anauliza kwa nini Msimbu wanachimba na kucheza. Ripoti."

"Msiba umezikwa, afande."

"Marehemu?"

"Amefufuka. Namleta."

Mkutano wa hadhara ulifanyika alasiri ileile, uwanja wa shule. Wema alitaka uahirishwe. Wanakijiji walikataa, walisema wameshavaa.

Bernard alisimama nyuma, mbavu zimefungwa bendeji, akiegemea bakora. Hakuna aliyempa kiti.

Bi Sikudhani alisimama mbele ya ramani ileile. Hakuonekana amelainika.

"Nimeiona," alisema. "Sikujua kama ni ndogo hivi. Sasa najua kwa nini mnaiona rahisi kuchukua." Akaweka kidole juu ya mstari mwekundu wa Firdausi. "Hapa ni makaburi yetu. Leo asubuhi yamechezewa vya kutosha. Huu usogezeni. Mkishausogeza, njooni tena tuwakatalie na mengine."

Watu wakapiga makofi. Firdausi alichukua kalamu, akauliza usogezwe wapi, na bibi akamwonyesha.

Walipotawanyika, Kondo alipita mbele ya Bernard. Alisimama.

"Wewe bado ni wa wale wezi wa ardhi," alisema.

"Sawa."

"Ila unajua kutania."

Akaenda zake.

Bi Sikudhani alikuja mwisho, anatembea kwa tahadhari kama mtu ambaye bado haiamini ardhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo bakora ya nani?"

"Ya Mzee Pazi. Nimepewa."

"Hajafika hata arobaini umeshaanza kurithi." Alimtazama mbavu, akamtazama shavu lililochanika. "Wameniambia leo umelala njiani na umekalia jeneza. Siku yangu ikifika usije."

"Nitakuja. Nitalala kaburini kutwa nzima. Hawatakuzika."

Bi Sikudhani alijifunga kanga upya.

"Basi sifi," alisema.

Bernard aliichomeka bakora nyuma ya kiti cha Boxer, akawasha, akashika njia ya Kisarawe. Kwenye kizuizi vijana waliondoa gogo moja, akapita, wakalirudisha.

Hawakumpungia mkono. Na yeye hakugeuka.